Kijamvi, Ufuo Niliouchagua Mwenyewe

Najua hata sijaanza na wewe umeshasema huyu ni mwongo. Sina neno. Niliwahi kumwambia mwalimu kwamba daftari langu limeliwa na ngedere, na ngedere wa watu hakuwa na habari. Lakini hili lina mashahidi watatu, na mmoja wao haniongeleshi mpaka leo. Kwa hivyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyekwisha kula yamini.

Likizo iliyopita shangazi yangu Rehema alikuja kutoka Nairobi na bintiye Salma, wa miaka minane, kukaa siku nne kisiwani Funzi. Diani hakuitaka tena. Safari ya kwanza ngamia wa pale ufuoni alimlamba Salma sikio, na mtoto akalia mpaka Ukunda.

"Wewe ndiwe mwenyeji," aliniambia kwenye simu. "Nichagulie fuo nzuri. Zisiwe na mwani, zisiwe na miiba, zisiwe na mtu wa kuniuzia mkufu."

Nikachukua karatasi nikazigawia fuo alama, kama mwalimu wa Hisabati aliyeamka vizuri. Ufuo wa mbele ya kijiji: sita kwa kumi, kwa sababu kuku nao huja kupunga upepo. Ufuo wa upande wa mikoko: nne, tope lake hukuvua viatu na halirudishi. Kijamvi: kumi.

Kijamvi ni fungu la mchanga linalojitokeza baharini maji yakipwa sana. Jeupe, halina jiwe wala jani, limetandikwa pale kama jamvi linalongoja wageni. Hukaa muda mfupi tu, kisha bahari hulikunja. Nilikuwa nimeliona kwa mbali na kulipiga picha, na picha yenyewe nilishamtumia Shangazi.

Mwenye boti ni Mjomba Bakari, kaka yake mama. Aliisoma karatasi yangu, akanirudishia.

"Kijamvi umekipa kumi?"

"Ndiyo, mjomba. Ningeweza, ningekipa kumi na moja."

"Na wenyewe umewauliza?"

"Wenyewe gani, mjomba? Pale hapana hata choo."

Hakucheka. Alisema tutashuka, kwa vile Shangazi keshaona picha na moyo wake uko huko, lakini kwa sharti la mabaharia wa kwetu: Kijamvi hapatajwi jina la mtu. Kila anayeshuka huitwa Mja, yaani mja wa Mungu, na basi. Mja, lete kamba. Mja, njoo ule. "Ukitaja jina pale," alisema, "yuko wa kulipokea."

Tulishuka saa sita mchana, jua liko utosini. Mjomba alibaki kwenye boti. Shangazi alipiga bismillahi, akavua viatu, akanitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tena. Mambo yakawa ni Mja huku, Mja kule. Salma ndiye aliyeufurahia mchezo kutushinda sote.

"Mja, nipake mafuta."

"Mja, mikono yako umeiacha wapi?"

"Mja, usinijibu vibaya, nitakusemea kwa Mja."

Nami, ndugu yangu, ulimi ukaanza kuniwasha. Wewe ungeweza? Ufuo mtupu, bahari tupu, halafu unakatazwa neno moja. Salma alikuwa ameinama nyuma yangu anachimba shimo. Nikaielekea bahari, nikaweka viganja mdomoni, nikaiga sauti ya mwalimu wa zamu: "Salma binti Omari, ofisini mara moja."

"Labeka."

Jibu lilitoka mbele yangu. Baharini.

Upepo ulikatika kama uliozimwa. Kaa wakatoka mashimoni, wadogo kwa wakubwa, sijui mia ngapi, wakasimama wote wakitazama upande mmoja. Na upande huo, hatua ishirini hivi kutoka niliposimama, palikuwa na mtoto wa kike. Kimo cha Salma, gauni la manjano la Salma, ametupa mgongo. Nywele zake zilichuruzika maji, na za Salma zilikuwa kavu. Alisimama juu ya maji kama wewe unavyosimama sebuleni. Usiniulize habari za kivuli. Saa ile hata mimi nilikuwa sina.

Shangazi alisikia jina, akaja mbio. "Salma?"

"Labeka, mama," akaitika yule wa majini.

Salma wa mchangani hakuinua hata kichwa. Shangazi alimshika mabega akamgeuza, na mtoto akamtazama mama yake mzazi kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyebisha hodi.

"Shikamoo," alimwambia.

Sijawahi kuisikia shikamoo ikaniumiza vile.

Kisha yule wa majini akaanza kutembea kuelekea kilindini. Kila alipoinua mguu, Salma aliinua wake. Salma akainuka, akashika njia ya kumfuata. Shangazi alimkumbatia kiunoni, mtu mzima na mwili wake, na mtoto wa miaka minane akamburura mchangani kama boti inavyoburura nanga isiyoshika. Nami nilivuta mkono mmoja. Ilikuwa kama kuvuta ukuta.

Mjomba alifika akiwa ameloa mpaka kifuani, anasoma Ayatul Kursiyu. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Nani ametaja?"

"Mimi, mjomba."

"Basi dawa ni wewe. Lilitoka kinywani mwako, halirudi kwa kinywa kingine. Mpe jina jingine aliache hilo."

"La nani?"

Akaninyooshea kidole kifuani.

Nilifikiria kumpa la mwalimu wa zamu. Wallahi nilifikiria. Lakini maji yalikuwa yamemfika Salma magotini, kisha kiunoni, na Shangazi alikuwa ameacha kulia, anasema "mwanangu, mwanangu" polepole, maana hata yeye hakuthubutu tena kumwita.

Nikataja langu. Lote, na la baba, na la babu.

Yule akasimama. Akageuka. Niamini nikikwambia sikuogopa wakati ule. Woga ulikuja usiku, kitandani. Pale nilibaki mdomo wazi, kwa sababu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Uso wake ulikuwa kama mchanga ambao maji yameondoka sasa hivi: laini, unang'aa, haujaandikwa kitu. Kisha ukaanza kuandikika. Pua yangu. Jino langu lililovunjika. Hata jezi yangu iliyochanika kwapani ikatokea, uzi kwa uzi. Akatabasamu lile tabasamu langu la kabla sijafanya upuuzi.

"Naam," akaitika, kwa sauti yangu.

Akashuka chini taratibu, na maji yakafunga bila hata kutoa duara.

"Mama, mbona unanibana?" akauliza Salma.

Tangu siku ile silisikii jina langu. Sisemi kwamba nimelisahau; ukiniandikia nalisoma. Lakini mtu akilitamka, naona midomo ikicheza na sauti haiji. Mwalimu akisoma majina darasani huwa nasubiri jina lenye ukimya. Ukija ukimya, najua ni mimi, nainua mkono. Wenzangu wanadhani ni mzaha, na nani atawalaumu? Mama aliniita chakula siku moja mpaka wali ukapoa, wakaula paka. Sasa nyumbani wananiita Mja, na hilo nalisikia vizuri. Salma hunipigia simu kila Ijumaa. "Mja, hujambo?" Shangazi huwa yuko karibu, namsikia akipumua, lakini simu haichukui.

Kwa hivyo wewe unayepanga likizo ya kisiwani, zichague fuo zako utakavyo, kwa mchanga, kwa kivuli, hata kwa umbali na ngamia. Ila ukiona ufuo unaostahili kumi na wenyeji hawaendi kuogelea, usiulize nauli. Uliza pale watu huitanaje. Na ukiambiwa, shika ulivyoambiwa.

Na iwapo utafika Kijamvi ukasikia kijana mcheshi anaitika "Naam" na hakuna aliyeita, usimpungie mkono ukidhani ni mimi. Mimi niko huku nchi kavu, na huko sishuki tena.