Sifuri ya Osmany

Mwalimu Edelmira alipostaafu alikaa nyumbani kwa miezi michache tu, na ukimya wa nyumba ile nusura umtie wazimu. Mumewe alikwisha fariki, binti yake yuko ng'ambo, na redio haijibu mtu. Aliposikia kwamba kiwanda cha sigara kinatafuta msomaji, hakuomba ushauri kwa yeyote. Alivaa gauni lake la mikutano akaenda.

Kazi yenyewe ni kukaa jukwaani na kuwasomea watu wakiwa wanakunja majani ya tumbaku, asubuhi gazeti, mchana riwaya. Meneja hana sauti hapo. Wakunjaji wenyewe ndio wanaomchagua msomaji, kwa kunyoosha mikono, baada ya kumsikiliza akisoma kitabu kizima. Wakipendezwa, wanagonga meza kwa visu vyao vya kukatia majani mpaka ukumbi unarindima. Wakichukizwa, wanaviangusha sakafuni, na hapo, mama, kusanya virago vyako.

Sasa, kati ya vitabu vyote vya dunia, Edelmira akachagua kipi? Kile cha mjane wa kinu cha sukari, ambacho kila mtoto wa Kuba hulazimishwa kukisoma shuleni, akakichukia maisha yake yote. Mjane anamngoja mwanawe aliyekwenda vitani, anakataa kuhama, mwisho nyumba inamwangukia. Alipokitaja, ukumbi uliguna. Nusu yao aliwafundisha yeye, na meza ya mbele alikaa Osmany, sasa baba mzima mwenye kipara, ambaye zamani alipata sifuri kwa kuandika kwamba mjane yule ni mpumbavu.

"Mwalimu," alisema Osmany, "sisi tulidhani shule tumeshamaliza."

Siku ya kwanza Edelmira aliharibu. Alisoma sura nzima vizuri, kisha kwa mazoea akafunga kitabu na kuuliza nani atamwambia kwa nini mjane alikataa kumuuza nyumbu wake wa kubebea miwa. Kisu kimoja kikaanguka sakafuni. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Alirudi nyumbani amenywea, akajiapiza kutouliza swali tena.

Na hakuuliza. Alisoma tu, basi wakaanza kuulizana wenyewe. Bibi Migdalia, mkongwe kuliko wote pale, alisema mjane yule alihitaji mwanamume, si barua za vitani. Wengine wakamhurumia nyumbu. Saa ya chakula walibishana mpaka wali na maharage vikapoa, na aliyechelewa chooni aliomba asimuliwe kilichompita. Edelmira alikuwa akisikiliza huku anakunywa kahawa yake, furaha imemjaa tele. Miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuona kitabu kile kikigombaniwa.

Ikafika sura ya mwisho. Mjane anaandaa meza, anaweka sahani ya pili ya mwanawe, paa linaanguka. Edelmira akafunga kitabu. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyeangusha, na kura ndiyo ilikuwa inafuata. Osmany akasimama.

"Mwalimu, hujawahi kutuambia wewe mwenyewe unaonaje."

Jibu la mtihani alikuwa nalo, lile la uaminifu wa mama, hata usingizini angelitoa. Lakini aliikumbuka nyumba yake na ule ukimya.

"Mpumbavu," alisema. "Angefunga mlango, akaenda penye watu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, ila Osmany hakucheka.

"Hapo sikubali, Mwalimu. Mke wangu yuko ng'ambo mwaka wa tatu huu, na kila jioni namwekea sahani. Mtu anangoja kwa sababu anapenda. Si upumbavu."

Edelmira alitamani kushuka amkumbatie.

"Lakini ile sifuri yangu si unaifuta?" Osmany akauliza.

"Inabaki, mwanangu. Mimi nimekuja upande wako, wewe umehama."

Migdalia ndiye aliyeanza kugonga, kisha meza zote zikaitikia, visu vikapiga mbao hata majani yakaruka. Mikono iliponyooshwa, Osmany alinyoosha yote miwili, na Migdalia akamfokea ashushe mmoja, kura ni moja kwa kila mtu. Edelmira alilia mbele yao bila haya. Kisha akajifuta macho, akawauliza kesho wanataka awasomee nini. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu siku ile ya visu, na wote walijibu kwa pamoja.