Nilivyomchanja mdogo wangu kwa utomvu wa korosho, kisha ndui ikafika kwa jirani

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Akaunti hii nilifunguliwa na wajukuu, na vidole vyangu ni vizito, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnivumilie.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Shahidi wangu yuko hai pale Msambweni, na nikiongeza chumvi atanisuta mbele ya watu. Kwa hiyo sitaongeza.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Nyumbani kwetu ni Gazi. Baba alikuwa mkata boriti kwenye mikoko, mama akilima mihogo na mpunga kidogo. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa hivi, na mdogo wangu Mishi mitano.

Siku moja ikatangazwa kwamba dresa anakuja kuchanja ndui. Kwa vijana wa leo: dresa alikuwa mhudumu wa zahanati, mwenye kufunga vidonda na kutoa dawa. Kwetu sisi alikuwa daktari kamili, na ukibisha utajua wewe na mama yako.

Mama alikuwa anakwenda shamba. Akanikabidhi Mishi.

"Mshike mkono mwenzio mpaka achanjwe. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Tulipofika pale uwanjani foleni ilikuwa ndefu. Dresa alikuwa na meza, kichupa cha dawa na sindano ya kukwaruzia. Anakutia tone la dawa mkononi, chini ya kiwiko, kisha anakukwaruza palepale. Mtoto wa kwanza alipolia, Mishi akaanza kurudi nyuma. Alinivuta shati akaniambia, "Kaka, nifiche. Wallahi sitaki."

Wakuu, mimi hapo nilikuwa na moyo wa maandazi. Nilimpeleka nyuma ya rundo la boriti za baba akakaa kimya, nami nikarudi foleni nikachanjwa peke yangu. Nilijiona shujaa aliyeumia kwa niaba ya wawili.

Kabla hatujatawanyika, dresa akatupa masharti mawili.

La kwanza: msitie maji pale nilipokwaruza.

La pili: nitarudi baada ya siku nane kukagua mikono. Asiye na kidonda, dawa haikushika, atachanjwa tena.

Sharti la kwanza nililivunja kabla jua halijapinda vizuri. Nilikwenda chuoni kusoma Kurani, ikawadia adhuhuri, nikatawadha kama siku zote. Mikono hadi viwikoni, mara tatu, nasugua kwa bidii maana maalimu wetu alikuwa anatazama. Nilipofika mara ya tatu ndipo nikakumbuka. Nikabaki nimeshika mkono unachuruzika maji.

Nikajua basi, nimeiosha dawa yote.

Siku ya nne natazama mkono, hamna kitu. Mstari mdogo tu, kama nimeparwa na paka. Nikaanza kuwaza siku ya ukaguzi. Mimi nitachanjwa tena, hilo nitavumilia. Lakini Mishi hana hata mkwaruzo. Mama atajua. Na mama yangu alikuwa na fimbo ya mkwaju isiyochagua mahali pa kutua.

Sasa waliokulia Kwale watanielewa hapa. Kila nyumba ina korosho. Na kila mtoto anajua kwamba ganda la korosho mbichi lina utomvu unaochoma ngozi. Tulikuwa tunauandikia majina mikononi, ukikauka unaacha lengelenge, lengelenge linaacha kovu. Wapo wazee wenzangu mpaka leo wana herufi za wachumba wao wa zamani, na wake zao huwauliza hii "S" ni ya nani.

Nikapasua korosho mbili kwa jiwe. Nikachovya kijiti. Tone moja kwangu, tone moja kwa Mishi, chini ya kiwiko, pale pale dresa alipokuwa akikwaruza wenzetu.

Mishi aliruka akapiga ukelele. Nikamziba mdomo nikimwambia, "Nyamaza, ndiyo dawa yenyewe hii."

(Msijaribu nyumbani. Naandika haya nikiwa na haya zangu.)

Mpaka siku ya ukaguzi sote tulikuwa na malengelenge ya kutisha. Mkono wangu ulivimba zaidi, nikapata na homa kidogo, nikadhani nimezidisha utomvu. Dresa alitazama mkono wangu akaitikia kwa kichwa. Wa Mishi aliutazama kidogo zaidi, lakini foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Akasema, "Imeshika." Tukaondoka mbio.

Nilifurahi, wakuu. Nisidanganye. Nilijiona nina akili kuliko serikali mpya na ya zamani.

Kama mwezi na nusu ukapita.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuja mgeni, mjomba wa jirani yetu Bi Riziki. Alitoka Samburu, kule kwenye barabara ya malori ya Nairobi, alikokuwa akinunua mbuzi. Alifika na homa, akalala. Mama, kama ilivyo ada, akamchukulia uji kwenda kumjulia hali. Akamchukua Mishi. Mishi ndiye aliyembebea mgeni kikombe mpaka mkononi.

Kesho yake asubuhi mgeni akatokwa na vipele usoni na viganjani.

Neno likapita mtaani haraka. Ndui.

Mama alikuwa anasonga ugali aliposikia. Wala hakushtuka sana. Alisema, "Alhamdulillahi wangu wamechanjwa," akaendelea kusonga.

Ndipo nikakumbuka korosho.

Nilitoka nje, nikarudi ndani. Nilimtazama Mishi amekaa chini anachambua mchicha, na kile kikovu chake cha uongo mkononi. Kwa mara ya kwanza niliona nilichokifanya. Kovu lile lilikuwa linamwambia kila mtu kwamba huyu mtoto ni salama, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa si kweli. Nikinyamaza, hakuna atakayemkimbiza popote. Atabaki pale anachambua mchicha mpaka yampate.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Boriti, udhu, korosho, kijiti.

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Wewe wanambia nini, mwanangu? Mishi hakuchanjwa?"

"Hakuchanjwa, mama."

Fimbo niliyoiogopa mwezi mzima hata haikutajwa. Alimnyakua Mishi mgongoni, akamtuma mtu kumwita baba mikokoni, na ugali ukaungulia jikoni. Tulikwenda zahanati sote wanne, baba akiwa na matope mpaka magotini. Njia nzima baba alitembea mbele yangu bila kugeuka. Heri angenipiga.

Dresa alinisikiliza nikirudia habari nzima. Nilipofika kwenye korosho akafumba macho kidogo.

"Mgeni alimshika lini huyu mtoto?"

"Jana," mama akasema.

"Basi tumewahi. Dawa hii ikiingia mapema humwahi hata aliyekwisha karibia ugonjwa. Mngekuja wiki ijayo ningekuwa na maneno mengine."

Akamchanja Mishi. Kisha akanivuta na mimi, akanikwaruza mkono wa pili, maana mwenye kuosha dawa haaminiki.

Zikaanza siku za kungoja. Kila asubuhi mama alimpapasa Mishi kipaji cha uso kabla hajamwamsha.

Mkono wangu mimi ukafanya maajabu. Siku ya tatu ulikuwa na kipele kidogo, wiki haikuisha kikakauka. Wa Mishi ulikuwa polepole. Siku ya tano ndipo lengelenge likaanza kujaa, na siku ya nane akaamka mwili moto, macho mekundu, hataki kula.

Sitasahau sauti ya mama siku hiyo. Alikuwa anaomba dua na maneno hayatoki yote.

Baba alimbeba mpaka kwa dresa, mama ubavuni mwake. Nami nikafuata nyuma nikilia wazi, wala sikujali nani ananiona. Dresa akamvua nguo, akamkagua uso, viganja, nyayo, ndani ya mdomo. Alichukua muda wake. Kisha akamgeukia mama.

"Lengelenge ni hili moja la chanjo. Kwingine hana hata kipele. Hii homa ni mwili wake unajifunza kazi. Mpeni maji, mumwache alale."

Mama aliketi chini palepale sakafuni. Siku mbili baadaye Mishi aliomba wali wa nazi na papa, na mimi ndiye niliyemkunia nazi.

Wiki tatu zikapita salama. Mgeni wa Bi Riziki naye alipona, akabaki na alama usoni. Kwetu haikuingia.

Wakuu, swali moja lilinikaa miaka yote. Kwa nini wangu ulikauka upesi na wa Mishi ukachelewa?

Jibu nimelipata Idi iliyopita. Mjukuu wangu Zuhura anasomea mambo ya damu chuo kikuu, kutwa yuko lab. Aliona makovu yangu akauliza, nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanieleza.

Ati ndani ya damu mna chembe nyeupe za ulinzi. Huzaliwa ndani ya mifupa, na nyingine hupelekwa kufunzwa kwenye tezi moja nyuma ya mfupa wa kifua. Zikikutana na adui kwa mara ya kwanza huchukua siku nyingi kumsoma, kama mtoto anayeanza alifu. Lakini zikishamaliza, baadhi hubaki kuwa memory cells, zinazokumbuka. Akija mara ya pili, hazisomi tena, zinafanya kazi moja kwa moja.

"Babu, udhu wako haukuosha kitu. Dawa ilikuwa imeshaingia. Ungengoja siku mbili tu ungeona kidonda chako cha halali. Ile homa uliyosingizia korosho ilikuwa chanjo."

Nikautazama mkono wangu. Yaani nilighushi kitu nilichokuwa nacho.

Akaniambia pia watafiti wa siku hizi wameona kwamba baadhi ya chembe hizo hazizunguki hata kidogo. Huhamia kwenye ngozi palepale vita vilipopiganiwa, zikakaa. Na kumbukumbu ya chanjo ile ya ndui huweza kudumu miongo mingi. Hata utomvu wa korosho chembe za jinsi hiyo huukumbuka, ndiyo maana wengine wakiugusa mara ya pili huwashwa upesi zaidi.

Nikampigia Mishi simu papo hapo. Ndiye yule shahidi wangu wa Msambweni, sasa ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Nilimweleza yote ya chembe na kumbukumbu, halafu nikamwomba radhi, maana miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuomba kwa maneno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilikukimbilia kwa kuogopa sindano. Sindano yenyewe wala haikuuma. Korosho yako ndiyo iliyoniuma."

Tukacheka sote mpaka simu yake ikaisha chaji.

Funzo langu ni dogo. Mwili una kazi zake ambazo hazionekani siku ya nne, upeni muda. Na ukishajua kuwa mtu anategemea uongo wako kujiona salama, useme hata kama ugali utaungua.

Wenye makovu ya korosho, jitokezeni hapa chini. Na wewe mwenye herufi ya "S" mkononi, sema ukweli leo, mkeo hayumo humu.