Siku Niliyofagia Utando wa Buibui

Mpaka leo, miaka hii ya elfu mbili, sijazoea kuona watu wazima wakinunua uchafu. Kila Oktoba maduka ya Thamesmead, huku London, yanajaa utando wa buibui ndani ya mifuko ya plastiki, na jirani yangu, mtu mwenye akili zake timamu, huutandaza mlangoni kwake kisha anasimika makaburi bandia ya povu gumu kwenye bustani. Binti yangu ananiomba na sisi tuweke. Nikikataa ananiambia, "Mum, you're no fun." Hajui kwamba utando huo nusura unikoseshe kazi kabla yeye hajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza London. Nilikuwa nafanya usafi kwenye nyumba ya kulelea wazee, bado niko kwenye majaribio. Nilishafukuzwa kazi mbili, ya kwanza kwa kuchelewa, ya pili kwa mdomo wangu huu, na shemeji aliyenihifadhi alisema wazi kwamba nikifukuzwa tena nitafute pengine pa kulala. Meneja wetu alikuwa mama mrefu asiyecheka, mwenye tabia ya kupitisha kidole juu ya fremu za picha kisha kukitazama. Msafishaji aliyenitangulia aliondolewa kwa sababu ya vumbi la kona. Mimi kona nilizisugua kama masufuria ya harusi.

Asubuhi moja niliingia saa kumi na mbili, nikawasha taa ya sebule kubwa, nikapigwa na butwaa. Utando kila mahali: kwenye mapazia, kwenye kioo, juu ya mahali pa moto, mpaka kwenye saa ya ukutani. Jana yake mchana niliiacha sebule inang'aa. Sikujiuliza ni buibui gani anayefanya kazi kiasi hicho kwa usiku mmoja. Nilichowaza ni kile kidole. Nikavuta ngazi, nikafagia wote. Buibui wawili wa plastiki niliwatia kwenye droo ya vitu vilivyosahauliwa, nikidhani ni vitu vya kuchezea vya wajukuu wa mtu. Mezani kulikuwa na boga lililotobolewa macho na meno. Nikakasirika kwamba watu wanachezea chakula, nikalipeleka jikoni na kulikata vipande, tayari kwa mpishi. Kisha nikapiga deki, na nikajiona nimemaliza kazi kwelikweli.

Saa mbili akaingia mhudumu mmoja Mkongo, ndiye aliyeniombea kazi pale. Akasimama mlangoni, akashika kichwa.

"Mama, umefanya nini? Ile ni decoration ya Halloween. Banaiuzaga ku shop."

"Utando wa buibui unauzwa?"

"Tuliiweka jana, watu tatu, masaa mbili. Leo saa kumi bafamille yote banakuja. Manager atakufukuza, na mimi ataniuliza nilimuletea mutu gani."

Meneja alipofika nilimweleza mwenyewe, kabla hajauliza. Akaizunguka sebule nzima, akapitisha kidole juu ya fremu moja, akakitazama.

Karibu na mahali pa moto alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kiayalandi, mkazi wa pale, mwenye miaka tisini na kitu, ambaye kwa kawaida alifungua kinywa kulalamikia uji tu.

"Mwacheni," akasema. "Huyu ndiye peke yake aliyefanya inavyotakiwa."

Akatueleza kwamba sikukuu hii ilianzia kwao, zamani sana, kabla ya kanisa, mwisho wa mavuno, kwa kuwa watu waliamini usiku ule wafu wa nyumba hurudi kutembea. Basi mama yake alikuwa akifagia mpaka kizingitini, anaacha moto ukiwaka, anawawekea mbele ya moto huo kiti kitupu na sahani ya viazi vya kuponda. Taa walichonga kwenye tanipu, mzizi mnene kama figili, maana maboga walikuwa hawayajui, ili pepo wabaya wasisogee.

"Nani anamkaribisha mama yake kwenye utando wa buibui?" akauliza.

Meneja alinitazama mimi, akatazama mahali pa moto, kisha akaniambia nikalete kiti kutoka chumba cha kulia, kile chenye mto.

Saa kumi familia zikaja, sherehe ikafanyika bila utando. Mpishi aliponda viazi, na boga langu likawa supu. Wazee walikuja kwenye kile kiti mmoja mmoja. Mmoja aliweka glovu ya marehemu mkewe, mwingine alitaja jina tu akaondoka. Mimi nilibaki kwa woga, kitambaa mkononi, sina la kufuta. Mwisho akaja meneja na kikombe cha chai, akakiweka kando ya sahani.

"Baba yangu alikuwa akiinywa na vijiko vitatu vya sukari," akaniambia, ingawa sikumuuliza. Kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili, kama kawaida. Jumatatu upite ofisini usaini mkataba."

Nilikwenda kukaa kituoni. Basi la kwanza likapita, la pili likapita, sikupanda. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, mpaka mama mmoja aliyebeba mifuko ya soko akaniuliza kama kuna msiba.

"Hapana," nikamwambia. "Sijafukuzwa."