Samaki Waliopewa Hifadhi

Utoto wangu wote sikula samaki wa mto, na si kwamba hawakuwepo. Tuliishi wawili, mimi na bibi mzaa baba, kwenye mteremko chini ya Kitahana, wilayani Kibondo. Kutoka mlangoni tuliuona mto Malagarasi ukitawanyika kwenye mafunjo na kukizunguka kisiwa kidogo chenye miti iliyosongamana. Jirani wakikaanga perege kwa mawese, harufu ilipanda hadi kwetu, nami nikameza mate na kuendelea na ugali wangu wa muhogo na maharage.

Bibi alikuwa na sababu yake. Alisema samaki wanaojificha kuzunguka kile kisiwa ni watu walioondoka nyumbani bila kuaga vizuri. Kwa hiyo nyumba inayomsubiri mtu haili samaki wa mto, isije ikamla mtu wake. Wengi pale kijijini waliijua imani hiyo, ila hawakuwa na wa kumsubiri, au walisubiri huku wakila.

Mimi nilikuwa naye. Mama yangu alikuwa Mrundi wa kambini, na wakimbizi waliporudishwa kwao aliniacha kwa bibi, akisema anakwenda kuangalia kama ndugu zake bado wapo, kisha atanifuata. Nilikikumbuka kitenge chake kuliko sura yake. Kuhusu baba nilijua jambo moja tu, kwamba aliposikia mama ana mimba alikimbilia machimboni Geita, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijaota. Bibi hakumtaja kamwe, nami sikuuliza. Sikuona sababu ya kumsubiri mtu nisiyemjua.

Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema. Shuleni waliniita wa kambini, na nyumbani bibi aliweza kumaliza jioni nzima bila kutoa neno. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama kisiwa. Wavuvi walipozungusha kokoro lao kule na kuanza kulivuta, nililia kwa woga, kwa kuwa nyavu zile zilizoa kila kitu, wakubwa na wadogo, na sikujua mama yangu yuko kwenye kundi gani.

Baadaye samaki waliadimika, ndipo akaja bwana samaki, afisa uvuvi wa wilaya, kuitisha mkutano shuleni. Alikuwa mtu wa Pwani aliyehamishiwa kwetu. Alitusalimu "Mwakeye", salamu yetu ya Kiha ya asubuhi, ilhali jua lilikuwa limeshageuka, na watu wakamcheka bila kumwonea haya. Alieleza kwamba huko kwao bahari inayozunguka kisiwa kimoja ilitengwa, ikawa marufuku kuvua, na samaki waliokuwa wametoweka wakarudi. Hapa pia mto ungetengwa kuzunguka kisiwa chetu.

"Kuanzia sasa," akasema, "samaki wa kisiwa hiki wamepewa hifadhi."

Sisi wa Kibondo neno hilo tulilijua kwa maana moja. Waliopewa hifadhi ni wakimbizi, watu waliofika na mafurushi kichwani, wakaonyeshwa pa kukaa, wakakaa hapo hadi siku ya kurudi kwao. Mkutano mzima uliguna. Mzee mmoja akauliza kama samaki nao watakuwa wanapewa mgawo wa unga, na kicheko kikachukua muda kuisha. Mimi sikucheka. Niliona sasa hata serikali imeamini maneno ya bibi.

Bibi, ambaye hakuwa mtu wa mikutano, alisimama.

"Hao mliowapa hifadhi," akauliza, "watatoka lini?"

Bwana samaki alimjibu kwa upole. "Mama, hifadhi hii haina ukuta. Samaki akikua, atatoka mwenyewe."

Bibi akakaa. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo alilolifanya kwa nadra sana, akaniambia, "Umesikia, mjukuu wangu? Akikua, atatoka mwenyewe." Nilifurahi hadi nikashindwa kula usiku ule. Nilijua ananiambia habari za mama.

Wakaweka madumu ya njano yaelee kama mpaka kuzunguka kisiwa, na kibao ukingoni. Kokoro likakoma. Samaki wakarudi kweli, na waliovuka madumu wakaanza kuonekana tena sokoni, kambare wanene kama mkono wa mtu mzima. Mama hakurudi. Nilisoma, nikapata kazi ya uuguzi Kasulu, na mahali fulani katikati ya hayo nikaacha kumsubiri. Samaki tu ndio sikuwala, nikiwaambia watu kwamba wananidhuru.

Masika iliyopita bibi alifariki. Msibani, wanawake walipokuwa wakipika, nilimsimulia jirani yetu, Mama Yohana, jinsi bibi alivyojinyima samaki kwa ajili yangu, ili mama arudi. Alinitazama kwa mshangao. Akaniambia bibi aliacha samaki tangu mwanawe alipokwenda Geita. "Wewe ulikuwa bado tumboni," akasema.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe langu la zamani. Mama yangu aliondoka akiwa mtu mzima. Aliyehitaji kukua ndipo atoke hakuwa yeye, bali yule kijana asiye na ndevu aliyekimbilia Geita, na bibi alilijua hilo siku ile alipokuwa amenishika mkono. Miaka yote ile tulikula kwenye mkeka mmoja, yeye akimsubiri wake na mimi wangu, na akaniacha niamini kwamba tunamsubiri mtu mmoja. Iliniuma kuliko kifo chenyewe.

Siku ya kufunga nyumba, Mama Yohana aliniletea perege waliokaushwa vizuri nipeleke Kasulu. Nilimshukuru nikamrudishia. Mimi ni muuguzi, najua samaki ni samaki. Lakini nyumba ile bado ina mtu anayesubiriwa, na bibi hayupo tena. Nimebaki mimi wa kumsubiri baba, mtu nisiyemjua.