Msemo wa Kwanza wa Maître Buhendwa

Siku sita za juma Buhendwa alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Ndosho. Jumapili baada ya misa alikuwa mwalimu wa karate, na hapo kila mtu alimwita Maître. Mateke alifundisha kiasi tu, maana magoti yalishachoka. Sifa yake ilikuwa maneno. Somo lilipokwisha, wanafunzi walipiga magoti kwenye sakafu ya darasa waliloazimwa, wakatoa madaftari, naye akawapa msemo wa kuandika. Mingine aliisoma vitabuni, mingi aliitunga mwenyewe huku akigonga misumari. Wa kwanza, ambao kila mgeni aliandikishwa, ulikuwa huu: anayekimbia ugomvi ameshinda kabla ya pigo.

Ni msemo mzuri. Ubaya wake ni kwamba unamfaa mwenye hekima na mwoga vilevile, na ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Alhamisi moja jioni Buhendwa alikuwa akirudi nyumbani na mwanafunzi wake Gisèle, mshonaji wa nguo. Vijana wawili wakamkaba Gisèle wakitaka mkoba. Buhendwa, mwenye mkanda mweusi miaka ishirini sasa, aliruka ukuta wa mawe ya volkano, akatoka mbio, asisimame mpaka nyuma ya kanisa, kiatu kimoja tu mguuni. Gisèle alivunjwa mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi kwa Buhendwa kicheko hakikufika. Siku mbili nzima hakuweza kumtazama mkewe Domitille machoni. Aliona haya hata mbele ya viatu vya wateja.

Jumapili alikwenda darasani akiwa ameazimia kusema kweli, hata kama wote watamkimbia. Lakini habari ilikuwa imeshaenea mtaani, na Mushagalusa, mkubwa wa wanafunzi, alimtangulia. Aliwaambia wenzake kwamba mwingine angepigana akauawa bure, ila Maître ameuishi msemo wake. Wakapiga makofi. Gisèle alikuwa mstari wa nyuma, mkono kwenye plasta, umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Haya ikampanda Buhendwa mpaka masikioni.

"Hapana," akasema. "Haikuwa akili. Nilikimbia juu ya woga, ni woga tu ulinikimbiza. Nilimuacha mutoto wa watu."

Mushagalusa akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hajapata kuona muzee anayejishusha namna hiyo, akainamia daftari lake. Wengine nao wakainama. Kalamu zikakwaruza: nilikimbia juu ya woga. Wakaweka na tarehe pembeni, kama walivyozoea.

Buhendwa aliinua mkono kuwazuia; kalamu zikaendelea.

Gisèle peke yake hakuinama.

"Muandike na hii ingine," akasema. "Nilimuita mara tatu."

Hakuna aliyeandika.