Propela Iliyosimama

Momanyi wa Manga alikuwa na dini moja: picha isitikisike. Miaka ishirini na mbili alipiga picha za matanga Kisii na Nyamira, na matanga hayarudiwi. Ukimtoa mjane na ukungu usoni, ukoo mzima utakusema hadi wajukuu. Kwa hiyo picha yenye ukungu aliifuta papo hapo, kabla mwenyewe hajaiona.

Janat, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ndiye aliyemtuma Mombasa. Babake, mzee Abdiaziz, alikuwa fundi wa injini jeshini. Ndege kuukuu ya mafunzo aliyoitunza ujanani ilikuwa inaruka mara ya mwisho kabla ya kuwekwa kwenye makumbusho. Mzee hakuweza tena kuinuka kitandani, na alitaka kuiona angani mara moja tu, angalau kwa picha.

Momanyi akafungwa mikanda kwenye ndege nyingine iliyotolewa mlango. Chini bahari, ubavuni ile ndege kuukuu, ya manjano, ikinguruma. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu wa duara mbele ya pua ya ndege. Akaifuta, akapandisha spidi ya kamera hadi mwisho. Zilizofuata zilitoka safi, akajisifu.

Aliporudi Kisii, Janat akiwa amesimama mlangoni, aliiegemeza picha kubwa kitini karibu na kitanda cha mzee. Kila msumari ulionekana. Mzee akaitazama.

"Momanyi, injini ilizima?"

"Hapana, mzee. Ilinguruma vizuri sana."

"Sasa mbona propela imesimama? Hii ndege inaenda kuanguka kwa maji."

Momanyi akainama kutazama. Lo! Mapanga mawili yalisimama wima, yamegandishwa na spidi ya kamera, hata vumbi lake likihesabika. Hasira ikampanda, na hakuwa na wa kumtupia ila yeye mwenyewe. Akafungua kamera, akapekua picha zote sitini. Zote propela imekufa.

"Hakuna hata moja iko na ukungu hapo mbele?" mzee akauliza. "Hiyo ukungu ndio inaonyesha iko hai."

"Ilikuwepo moja," Momanyi akasema. "Niliifuta."

Janat akatoka nje. Ile ndege ilikuwa tayari kwenye makumbusho, tangi tupu.

"Si makosa yako," mzee akasema, akigeukia ukuta. "Umezoea kupiga watu wametulia."