Sekunde Ishirini Mbele ya Mulika Mwizi

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Kamukuywa kuniambia niache. Nilikuwa nimemtumia picha yangu ya kwanza ya wingu la gesi lililo kwenye kundi la nyota la Orioni, na kwa kweli haikuwa na wingu wala nyota. Ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Si ukuje huku nyumbani, bana," alisema. "Huku ni giza totoro. Hapo Tuwan utapiga picha ya stima tu."

Alijua kwa nini siwezi. Mama alipopooza upande wa kushoto nilimleta akae nami hapa mtaani Tuwan, mjini Kitale, karibu na hospitali, na sikuwa tayari kumwachia mtu mwingine usiku. Nilichokuwa nacho ni paa la ghorofa tunapoanika nguo, na ng'ambo ya barabara ile taa ndefu ya mulika mwizi. Basi ningepigia hapo hapo.

Kamera yangu ni ya nyeusi na nyeupe. Niliichagua makusudi: haigawi mwanga kwa rangi, kila nukta yake inapokea wote unaoifikia. Watu wa kundi letu la mtandaoni walinipa mipangilio yao: niache kamera wazi dakika tano kwa kila picha. "Na kama unaishi mjini," mmoja akaandika, "usijisumbue." Nikamjibu kwamba sikuwa nimeomba ruhusa.

Jioni moja ya Januari nikatupa namba zao zote. Nilishusha nguvu ya kamera ya kukuza mwanga, ili nyota angavu zisiungue, kisha nikapiga sekunde tano, kumi, ishirini, kila mara nikiangalia grafu kwenye kompyuta. Mwanga wa anga ulichorwa pale kama kilima. Kwenye sekunde tano kilima kilibanana na ukingo wa kushoto. Picha ilikuwa imezama katika chengachenga za kamera yenyewe. Kwenye ishirini kilijitenga. Nikasimama hapo. Kuongeza muda kungeipa ile taa nafasi ya kufunika kila kitu. Ningepiga picha fupi, mamia kwa mamia, halafu kompyuta izirundike ziwe moja.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo mwenye nyumba alipopanda ngazi, mzee wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini.

"Madam, watu wanasema unapiga picha madirisha yao. Hii kitu itoke hapa."

"Haitoki, mzee," nikasema. "Inaangalia juu. Njoo uone mwenyewe."

Alisita, kisha akainama mbele ya kompyuta. Picha mpya ikaingia, ya kijivu, na katikati yake doa lenye mabawa.

"Hii ndio nini?"

"Wingu la gesi. Nyota zinazaliwa humo."

Akageuka kuitazama mulika mwizi, akairudia kompyuta. "Na taa yote hii?"

"Na taa yote hii."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja picha nyingine, na nyingine tena. Alipoondoka alisema tu nifunge mlango wa paa nikimaliza. Malalamiko ya wapangaji sikuyasikia tena.

Nilipanda kila jioni anga ilipokuwa safi. Nilipoweka chujio linalopitisha wekundu wa gesi peke yake, kilima kilirudi kushoto, nami nikapima upya: dakika tatu, na nguvu ya kukuza juu zaidi. Hakuna namba niliyoazima kwa mtu.

Picha ilipokamilika niliichapisha, nikampelekea Mama kitandani. Aliishika kwa mkono wake mzima, akaisogeza karibu na macho. Mabawa yote yalionekana, na mikunjo ya gesi ndani yake.

"Ni moshi?"

Nikamweleza.

"Harafu hii yote ilikuwa hapa juu ya kamba ya nguo?"

"Iko hapo hata sasa, Mama."

Akaniambia niitundike mahali wageni wataiona kwanza.